Kuta Zinazosomeka

Nimerudi jana usiku. Sanduku halijafunguliwa, viatu bado vina vumbi la Granada, na nisipoandika sasa najua sitaandika tena.

Safari ya Uhispania ilikuwa ya mama mdogo, mimi nilikuwa mbeba mizigo. Nilitaka twende Madrid na Barcelona kama watu wengine. Akakataa. "Nipeleke kusini, mwanangu, nikaone walichoandika Waislamu wa zamani." Mama mdogo alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, na maandishi ya Kiarabu hayampiti bila kuyasoma, hata yawe kwenye kopo la mafuta.

Tulianzia Córdoba. Msikiti alioanza kuujenga mtawala Mwislamu Abd al-Rahman wa Kwanza yapata mwaka 785 ni kanisa kuu tangu mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, na ndani yake zimesalia nguzo 856. Nilikwisha kuziona kwenye picha mara nyingi, lakini picha hazikuniambia kwamba nguzo zenyewe hazifanani. Nyingi ziling'olewa kwenye majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala huko kabla ya Waislamu: hii ya kijivu, ile ya waridi, moja ina kitako, jirani yake haina. Na zilikuwa fupi mno kwa paa la jumba kubwa namna ile, basi mafundi wakapandisha tao juu ya tao, matofali mekundu yakipishana na mawe meupe. Yale matao yanayopamba kila kadi ya posta yalizaliwa na ufupi wa nguzo.

Mbele ya mihrabu mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Nikadhani ni machozi. Kumbe ni hasira. Maandishi ya dhahabu pale ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamenyooka na kujikunja kama matawi, na yeye hakuweza kuyasoma. "Herufi nazijua zote," akasema, "ila zimenivalia nguo nyingine." Akageuka akaenda zake. Nilimkuta baadaye ameinamia alama ndogo ndogo ambazo wachongaji walizitia kwenye mawe, majina yao wenyewe, yameandikwa vibaya vibaya kwa haraka. Hizo alizisoma. Alikaa nazo kuliko alivyokaa na mihrabu.

(Kanisa walilolipachika katikati ya msikiti katika karne ya 16 ni zuri, sikatai. Lakini ukitoka kwenye ule msitu wa nguzo ukaingia pale penye mwanga mwingi, ni kama mtu amekukatiza ukiwa katikati ya maneno.)

Ndani ya treni ya kwenda Sevilla, kijana mmoja nyuma yetu alikuwa anamsema mtu kwenye simu, na kila mara: fulano, fulano. Mama mdogo akanigusa goti. "Fulani gani huyo anayesengenywa hivyo?" Nikadhani anatania, kisha nikatafuta. Ni neno lile lile. Kiarabu kilikwenda nalo Uhispania, kikaja nalo kwetu, na huku na huko linafanya kazi ile ile ya kuficha jina la mtu unayemsengenya. Tangu hapo safari ikawa mchezo wa kuwinda maneno. Azúcar ni sukari. Alcalde, meya wao, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Na mto Guadalquivir, tuliokuwa tumetoka kuuvuka kwa miguu, jina lake ni al-wadi al-kabir, mto mkubwa, basi.

Sevilla yenyewe ilitushinda kwa joto. Giralda, mnara wa adhana wa karne ya 12 ambao sasa ni mnara wa kengele, hauna ngazi mpaka karibu na kileleni. Unapanda miteremko 35 iliyotengenezwa ili mtu aweze kupanda na farasi wake. Mama mdogo alipanda saba, akaniambia nimletee habari. Kilichomfurahisha ni jumba la Alcázar, kwa kuwa mfalme Pedro, Mkristo, alijengewa na mafundi wa mtindo wa Kiislamu katika karne ya 14, nao wakamwandika ukutani kwa Kiarabu: Sultani.

Granada ndiyo niliyoiogopa. Tiketi ya Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu wa huko, ina saa yake ya kuingia kwenye majumba ya ukoo wao, Banu Nasr, yetu ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na kutoka lango kuu mpaka pale ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu yangu. Kwa miguu ya mama mdogo sikuwa nimepiga hesabu. Tulifika tukihema, mstari wa mwisho ukiwa unaingia.

Mwongozaji wa kundi letu alikuwa anaeleza nakshi: mistari ya vigae, majani ya lipu, "na hapa juu mapambo ya maandishi." Mama mdogo akainua uso. Safari hii hazikuwa nguo nyingine. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole hewani: wa la ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akasogea hatua mbili, akasoma tena, ni yale yale. Chumba kilichofuata, yale yale. Watu wakaacha kumsikiliza mwongozaji wakawa wanamfuata yeye. Kwenye ua wa simba 12 wa marumaru alizunguka beseni la chemchemi akiyafuata mashairi ya Ibn Zamrak, mengine yakimshinda, mengine yakimtoka. Pale mshairi anaposema maji na marumaru vimefanana hata hujui kipi kinachotiririka, alitia mkono akajaribu, mlinzi akamkemea.

Nilimwambia kwamba mfalme wa mwisho Mwislamu aliwakabidhi Wakristo mji huu tarehe 2 Januari 1492. Akazitazama kuta. "Na maneno haya yote yakiwa juu ya kichwa chake," akasema, akaomba tukae.

Asubuhi ya kuondoka, mwenye nyumba ya wageni alitusindikiza hadi mlangoni. "Hasta luego," akasema. Hasta nayo ni hata, ile ya hadithi za zamani, hata siku moja. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuing'amua siku nyingi, kwenye kibao cha duka lililofunguliwa hasta saa nane mchana.

"Hata siku nyingine, mwanangu," akamjibu, na yule mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.