Fizikia imekatwa kwa wino wa buluu

Leo mchana, skuli moja hapa Wete, fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu zimerudi.

Kwenye moja, neno Fizikia limekatwa mistari miwili. Kalamu imekazwa mpaka karatasi imetoboka. Chini yake, saini ya mzazi.

Miaka nenda miaka rudi ni yale yale: Hisabati inaangusha wengi, na Fizikia inakimbiwa kwa sababu ya Hisabati.

Jamani, tuhesabu kwanza.

Daraja la Kidato cha Nne linatokana na masomo 7 ambayo mwanafunzi amefaulu vizuri zaidi. A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. C saba ni pointi 21, daraja la pili. Ila kwenda Kidato cha Tano zinatakiwa C tatu au zaidi, na somo la dini halimo katika hizo.

Ukiiacha Fizikia, tahasusi za Kidato cha Tano za PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) zimefungwa. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) inabaki, lakini udaktari wa binadamu hauingii kwa CBG.

Na alama nyingi zinapotelea maabara! Mtoto anapima muda wa uzi kubembea mara 20, anasahau kugawa kwa 20 ili apate muda wa mara moja, kisha anautafutia mraba. Namba imekuwa kubwa mara 400, grafu yote imeharibika. Hilo linarekebishika kwa mazoezi ya wiki mbili tu.

Walimu wa Unguja na Pemba, kwenu fomu zimerudi vipi?
Wazazi, mliisoma kabla ya kutia saini?