Manyoya yaliyosokotana: vifaa viwili vilivyomaliza shida

Mbwa mdogo wa manyoya marefu hapa Goma alichanwa kila siku kwa burashi laini, na bado mafundo yalijaa nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkanda wa shingo. Burashi laini huteleza juu tu. Vumbi jeusi la lava ya volkano hubaki chini karibu na ngozi, na nywele husokotana hapo hapo.

Zilihitajika burashi ya sindano nyembamba zilizopinda, na chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na ya karibukaribu upande wa pili. Pitisha burashi mkononi mwako kabla ya kununua: ikikukwaruza wewe, itamuumiza na yeye.

Usimwogeshe kabla ya kufungua mafundo, kwani maji huyakaza. Nyunyiza maizena (wanga wa mahindi) kidogo, bana fundo kwenye shina ili ngozi isivutwe, lichambue kwa vidole, kisha piga burashi kuanzia nchani kurudi ndani. Malizia na chanuo. Likikwama, kazi bado. Mkasi hapana kabisa! Fundo huinua ngozi, ukaikata bila kuiona. Lililogandamana hadi ngozini linyolewe kwa mashine ya kunyolea yenye wembe namba 10, unaobakiza nywele fupi sana.