Siku moja maishani mwangu: mashine pepe iliyogoma kuwaka

Saa 1:40 asubuhi. Niko kwenye mwendokasi, simu inaita; kazi yangu ni kuokoa data za kompyuta zilizogoma. Ni mhasibu wa duka la vipuri, Gerezani. "Kaka, mfumo wa mahesabu umegoma. Unaleta maandishi meupe tu." Namuuliza, umeme ulikatika? Ulikatika, jana jioni, wakiwa wanafunga hesabu. Namwomba wasiuguse tena. "Dogo anauzima na kuuwasha tangu alfajiri," anasema. Haya.

Saa 2:30. Nafika, namkuta mwenye duka. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Itawaka leo?" Namweleza kwamba anachohitaji leo ni ankara zake na madeni ya wateja. Kuwaka ni suala jingine, na nikianza na hilo naweza kuharibu lile la kwanza. Kompyuta yenyewe ni nzima. Kinachogoma ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta kwa programu ya VirtualBox: ni Ubuntu inayobeba MySQL, hifadhidata ya mahesabu, nayo inaishia kwenye neno initramfs (hatua ya mwanzo ya kuwaka) na kielekezi kinachopepesa. Mafundi wengi hapo hukimbilia fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili. Mimi siipigi kwenye diski ya asili hata kwa kubembelezwa: fsck inaandika, na ikivuruga huna pa kurudi.

Saa 3. Nazima VirtualBox, nanakili folda nzima ya mashine kwenye diski ya nje. Taratibu. Chai, chapati mbili.

Saa 5. Hapa ndipo penye kazi. Nje kuna faili kubwa ya VDI (ndiyo diski ya mashine pepe), na ndani ya folda ya Snapshots kuna nyingine ndogo. Aliyewafungia mfumo alichukua snapshoti (alama ya kurudia hali ya mashine ilivyokuwa) kabla ya kusasisha programu, akaiacha hapohapo. Tangu siku hiyo VirtualBox haijaandika chochote kwenye ile kubwa. Kila ankara mpya imeingia kwenye ile ndogo. Ukifungua kubwa peke yake utafurahi, kila kitu kipo, ila mauzo yanaishia siku ya snapshoti. Na mteja anaweza asigundue mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo naisajili nakala kwenye laptopu yangu, kisha naipa VBoxManage clonemedium, amri ya VirtualBox ya kunakili diski, ile ndogo, si kubwa. Inaunganisha zote mbili na kutoa VDI moja iliyokamilika.

Saa 7 mchana. Kwa qemu-img, programu ya diski pepe, natengeneza faili tupu ya qcow2 (aina nyingine ya diski pepe) inayokaa juu ya VDI hiyo. Chochote kitakachoandikwa kitaishia kwenye qcow2, chini hapaguswi. Naiunganisha kwenye laptopu kama diski kwa qemu-nbd, naamsha LVM (mgawanyo wa diski ndani ya Ubuntu) kwa vgchange -ay, naifungua. Ningeiunganisha kwa kusoma tu, ext4, mfumo wa faili wa Ubuntu hiyo, ingegoma kufunguka, maana umeme ulikatika katikati ya kuandika na inataka kwanza imalizie viporo vyake. Juu ya qcow2 naiachia imalizie. Folda zinatokea: etc, home, var. Mzee anachungulia begani kwangu. "Ndiyo hizo?" Bado, mzee.

Saa 8:15. Nabeba /var/lib/mysql, folda ya data ya MySQL, yote, si folda ya duka peke yake. Bila ibdata1 (faili ya pamoja ya data) na kumbukumbu za redo (orodha ya mabadiliko), InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, haiwezi kujiponya. Naiweka kwenye Ubuntu mpya yenye MySQL ya toleo lilelile, narekebisha umiliki wa faili, nawasha. Logi inasema inafanya urejeshaji baada ya kuzimika ghafla, halafu inatulia. Napiga mysqldump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, papo hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Saa 10 jioni. Mhasibu anapitia ankara za jana akiwa na kitabu cha risiti mkononi. Zipo, mpaka shokapu za Noah. Moja tu haipo, aliyokuwa anaiandika umeme ulipokatika. Hakuwa ameihifadhi, basi MySQL imeifuta. Anaiingiza upya kutoka kwenye kopi ya risiti.

Saa 11:20. Mzee anaomba punguzo kwa sababu mashine ile ya zamani bado haiwaki. Tunavutana kidogo, tunakubaliana, na bei inajumuisha diski ya pili ya bakapu ya kila usiku.