Kielelezo cha mashamba ya Mesa Verde: makingamaji na kina cha mbegu

Kielelezo changu cha mashamba ya kale ya Mesa Verde, kusini-magharibi mwa Colorado nchini Marekani, sasa kina umbo: sinia la mbao lililoinamishwa, udongo mwekundu uliochekechwa, na korongo moja linaloshuka katikati. Juma hili nimejenga makingamaji. Jamii za Pueblo, wenyeji wa asili wa Amerika, zilizolima juu ya nyanda hizo hadi mwishoni mwa karne ya 13 hazikuwa na mto wa kumwagilia. Zilipanga mawe kukata makorongo, ukuta chini ya ukuta, na mabaki ya kuta zaidi ya 1,000 yametambuliwa. Nilipomimina maji taratibu kutoka juu, tope lilituama nyuma ya kila ukuta, likaacha vishamba vilivyobaki na unyevu hata mteremko wa kando ulipokwisha kukauka.

Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni theluji. Mvua na theluji ya mwaka mzima huko, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, hufikia karibu milimita 450 tu, na Juni ndio mwezi mkavu kuliko yote, wakati mahindi yangali machanga. Miche ilianza kuishi kwa unyevu wa theluji uliobaki ardhini, kisha ikangoja mvua za ngurumo za Julai na Agosti. Kwa hiyo tangi la wakulima hao lilikuwa udongo wenyewe, vumbi laini lililoletwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Wahopi wa Arizona, walio miongoni mwa wazao wao, hadi leo huchimba kwa muo na kufukia mbegu kadhaa katika shimo moja, sentimita 15 hadi 30 chini, huku wakiacha nafasi pana kati ya mashimo. Mahindi yao huchipua kutoka kina ambacho mbegu nyingi za dukani zisingeweza. Ndiyo maana nimekata ubavu mmoja wa sinia na kutia kioo, ili tabaka za udongo na kina cha mbegu vionekane.

Maharage na maboga nitayaongeza baadaye. Si kazi ngumu. Yanayofuata ni maghala chini ya miamba, ambayo ukubwa wake lazima ulingane na mashamba, kwa kuwa mwaka wa jalidi ya mapema ulivukwa kwa akiba, ingawa ukame wa 1276 hadi 1299, unaosomeka katika pete za ukuaji za mashina ya miti, ulikuwa mrefu mno kwa ghala lolote. Milango yake itakuwa vibamba vya jiwe vilivyozibwa kwa udongo, kuzuia panya.