Masomo mawili kwa muhula, watoto wanne nyumbani

Nimelisikia jambo hili kanisani, kazini, na kwenye simu za ndugu walioko Iowa na Texas: kwamba fedha ya serikali ya Marekani ya kusomea ni ya vijana wanaoshinda chuoni kutwa nzima, na mama anayesoma jioni hana chake pale. Si kweli, na linaniuma kwa sababu najua akina mama walioacha kujiandikisha kwa kuliamini. Mimi nasoma jioni, masomo mawili kwa muhula. Nina watoto wanne, na kila asubuhi kabla jua halijatoka niko kazini nafua mashuka ya hospitali. Ada yangu hapa Lexington, Kentucky, inalipwa na Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Siyo mkopo.

Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na cheti changu cha sekondari ni cha mfumo wa Kongo. Chuo kilikipokea baada ya kutafsiriwa. Nilipojaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, mara ya kwanza sikuwa na grini kadi. I-94, karatasi ya kuingilia nchini, yenye hadhi ya ukimbizi ilitosha. Fomu yenyewe ni bure, kwenye tovuti ya studentaid.gov. Narudia, ni bure. Kuna watu mitaani kwetu wanatoza pesa kuwajazia wenzao, na pesa hiyo ni ya maziwa ya mtoto.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa. Uzito wa kila somo hupimwa kwa krediti, na anayesoma muda wote huhesabiwa kuanzia krediti 12 kwa muhula. Kiwango cha juu cha Pell kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, yaani karibu dola 3,700 kwa muhula mmoja. Mimi mwenye krediti 6 napata nusu yake, kama dola 1,850. Mwenye 9 anapata robo tatu. Zamani watu walipangwa kwa mafungu, mwenye 7 au 8 akilipwa sawa na mwenye 6. Kuanzia 2024/25 kila krediti ina uzito wake: ukiwa na 7 unapata asilimia 58, ukiwa na 8 asilimia 67. Kwa hiyo somo la kemia lenye krediti 4 kwa sababu ya maabara halikupunji tena.

Na ile nusu nyingine haijapotea. Serikali inakupa Pell ya mihula 12 ya kusoma muda wote katika maisha yako. Ukisoma nusu, unatumia nusu ya muhula tu kwenye akiba hiyo. Mwenye watoto anaweza kwenda taratibu kwa miaka mingi na haki yake ikabaki pale pale.

Familia inakusaidia kwenye fomu hii. Ukiwa na mtoto unayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, huulizwi kipato cha wazazi wako, hata kama una miaka 20. Mzazi anayesoma akiwa na mwenzi, kama kipato chao hakizidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa ukubwa wa familia yao, anastahili Pell kamili kwa krediti zake. Mzazi aliye peke yake anapewa nafasi zaidi, hadi asilimia 225. Dada zangu mnaolea peke yenu, someni sentensi hiyo tena. Kipato kinachotazamwa ni cha kodi ya miaka miwili nyuma. Kama tangu wakati ule umepunguza saa za kazi ili usome, au mwenzi wako amepoteza kazi, nenda ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chako, uombe wakutazame upya. Sheria inawaruhusu kurekebisha. Peleka hati za mshahara, usiende na maneno matupu.

Kuna sehemu moja inayonitia hofu, na nadhani haisemwi vya kutosha. Vyuo vingi vinataka umalize angalau asilimia 67 ya krediti ulizoanza, la sivyo msaada unasimamishwa. Kijana mwenye masomo manne akiacha moja, bado ana asilimia 75, yuko salama. Mimi mwenye mawili nikiacha moja, nimebaki na 50. Mtoto akilazwa wiki mbili, sheria ile ile inampita yule na kunikamata mimi. Mama mmoja wa kanisani kwetu ilimpata hivyo: mwanawe wa mwisho aliugua nimonia, akaacha somo la hisabati, na muhula uliofuata akaletewa barua kwamba msaada umesimama. Alikaa nayo mezani pamoja na bili ya umeme, akidhani ndiyo mwisho. Haikuwa mwisho. Ugonjwa na msiba katika familia ni sababu zinazokubalika kukatia rufaa. Tuliandika ukurasa mmoja, tukaambatanisha karatasi za hospitali na mpango wa masomo yaliyobaki, na akarudishiwa. Lakini ingekuwa heri angeuliza kabla ya kuliacha somo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kujitoa, piga simu ofisini.

Hali hiyo hiyo kwa waliochukua mkopo wa serikali. Mkopo unataka uwe na angalau krediti 6. Ukishuka chini ya hapo, saa ya miezi sita inaanza kuhesabu, kisha unadaiwa, hata kama bado unakaa darasani. Mimi mkopo sijagusa, na kwa ngazi ya cheti ninachosomea sioni sababu ya kuugusa.

Halafu malezi. Nusu ya krediti kwa nusu ya fedha naikubali, maana hata ada ni nusu. Ila watoto wangu hawali nusu kwa kuwa mama yao anasoma nusu, na anayewaangalia nikiwa darasani hanitozi nusu. Sheria inaruhusu chuo kuingiza gharama ya malezi katika makadirio ya gharama zako za masomo, lakini mara nyingi mpaka uombe mwenyewe. Haitaongeza Pell yako. Itafungua nafasi ya ruzuku nyingine na, ukilazimika, mkopo. Vyuo vingine vina fedha ya serikali kuu iitwayo CCAMPIS kwa ajili ya malezi ya watoto wa wanafunzi wanaostahili Pell. Uliza kwa jina hilo, CCAMPIS, kwa sababu ukiuliza tu "msaada wa watoto" utazungushwa madirisha. Chuo chako kama hakina, muulize mkuu wa wanafunzi kwa nini, na uulize kwa maandishi. Sisi wa jioni hatuonekani mchana ofisi zikiwa wazi, na barua ndiyo inayokaa mezani pake sisi tukiwa kazini.