Kilo na Saa: Kazi ya Ndege za Kukodi Hapa Kisumu

Ijumaa jioni simu hazitulii, na nyingi ni za msiba. Mwili uko Nairobi, kaburi linachimbwa usiku huu Rusinga au Suneka, mazishi ni kesho, na familia imechanga ikaamua kukodi ndege. Anayepokea simu hutoa pole kwanza. Kisha huuliza mambo ambayo mfiwa hakuyatarajia: jeneza lina urefu gani, ni la mbao nzito au nyepesi, wanaosafiri ni wangapi, kuna wenye miili mikubwa? Watu hudhani kazi ya ndege za kukodi ni kuruka. Sehemu kubwa ni kilo na saa, na asiyejali hivyo viwili asipewe kaunta.

Ndege tunayoiona zaidi huku ni Cessna Caravan, yenye injini moja na propela moja. Aina ya 208B huruhusiwa kupaa ikiwa na kilo 3,969, basi. Kila ndege ina uzito wake ulioandikwa kwenye cheti cha kupimwa, lakini tuchukulie kwamba hii ni kilo 2,500 pamoja na viti na marubani wawili. Zinabaki 1,469. Viwanja vidogo vingi vya huku havina mafuta, kwa hiyo yanabebwa ya kwenda, ya kurudi na ya akiba: tuseme kilo 550, ambazo ni lita 690 hivi. Sasa zimebaki 919. Abiria 12 wa kilo 80 ni kilo 960, na hatujapakia hata mkoba mmoja. Ndiyo maana ndege yenye viti 12 hupelekwa na watu tisa. Mteja anaona viti vitupu na kulalamika, na ana haki ya kuelezwa hesabu hii polepole, kwa kalamu na karatasi.

Kupima abiria kunataka adabu. “Mzee, samahani, panda hapa pamoja na mkoba wako.” Ukipima mtu bila mzigo wa mkononi umejidanganya, maana kilo nyingi hufichwa humo. Kioo cha mizani kielekee kwa mpimaji, si kwa foleni, na uzito usitajwe kwa sauti. Mheshimiwa naye apimwe, na wapambe wake pia. Kukadiria kwa macho ni hatari: watu tisa wakizidi makadirio kwa kilo kumi kila mmoja, ndege imebeba mtu wa ziada ambaye hayumo kwenye karatasi.

Uzito huo una madhara zaidi kwenye joto. Uwanja wa Kisumu uko mita 1,138 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30 hewa yake ni nyepesi kama ya mahali penye karibu mita 1,950. Eldoret, ambako lami yenyewe iko juu ya mita 2,100, mchana wa nyuzi 24 ndege hupaa kana kwamba iko karibu mita 3,000. Hukimbia zaidi kabla ya kuinuka na hupanda kwa uvivu. Mzigo uliokubalika saa moja asubuhi huenda usikubalike saa nane.

Jeneza lina taratibu zake. Haliingii kwenye sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege, maana sanduku hilo ni fupi kwenda juu. Hupita mlango wa mizigo wa kushoto, wenye upana wa sentimita 124 na kimo cha 127, kwa hiyo jeneza la mita mbili huingizwa kwa mshazari, kisha hugeuzwa ndani. Viti viwe vimeshang’olewa familia ikifika. Hakuna linaloumiza kama mafundi kuhangaika na bisibisi huku wafiwa wamesimama na mwili juani. Kabla ya kupakia, mkia uwekewe mhimili, kwa sababu watu sita wakiingia nyuma na jeneza ndege hii huweza kuketi kwa mkia. Jeneza hufungwa kwa mikanda kwenye ndoano za sakafuni, mbele, nyuma na juu. Kamba ya katani haitoshi, hata kama ndugu anasisitiza kwamba imefungwa vizuri. Kibali cha mazishi kionekane kabla ya mlango kufungwa.

Halafu saa. Asubuhi anga la ziwa huwa na huruma. Kuanzia mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea nyanda za Nandi na Kericho, hukutana na ule wa mashariki, na mawingu hujijenga haraka. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Caravan haina kabini ya mgandamizo, yaani hewa ya ndani huwa nyembamba kama ya nje, kwa hiyo haiwezi kupanda juu ya wingu la radi. Itazunguka, au itasubiri. Na haiwezi kusubiri sana: viwanja vidogo havina taa, na huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Hotuba za mazishi zikirefuka hadi saa kumi, rubani ana dirisha jembamba. Saa ya mwisho ya kuondoka iandikwe kwenye mkataba, na msemaji wa familia aikubali mapema, si pale kaburini.

Kuna pia ombi la “zima, tushuke kidogo, uwashe tena.” Kila kuwasha kunakula betri. Betri dhaifu ikizungusha injini polepole na mafuta yakaingia kabla mzunguko haujafika asilimia 12 ya kasi yake, joto hupanda mno na vyuma vya ndani huungua. Stata, mota inayoiwasha injini, nayo ina kipimo: izungushe sekunde 30, pumzisha 60, mara tatu, kisha ipumzike nusu saa. Kwenye kiwanja cha nyasi hakuna mkokoteni wa umeme wa kukusaidia.

Bei huleta ubishi mfupi: ndege inayolala uwanja wa Wilson, Nairobi, hulipiwa hata safari tupu ya kuja kumchukua mteja Kisumu, na hilo lisemwe kwenye simu ya kwanza. Simu hiyohiyo iulize kama wageni wanarudi siku ileile, kama kuna gari la kupita kiwanjani kufukuza ng’ombe kabla ya kutua, na nani atakayepokea simu huko saa kumi na mbili asubuhi, rubani akitaka kujua kama ilinyesha usiku.