Uzoefu wangu na "get": tazama kinachofuata

Mwanafunzi akiuliza neno la Kiingereza "get" ni nini, jibu la haraka ni "kupata", na kuanzia hapo makosa hayaishi. Hapa Goma tumesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu hulipitisha kwanza kwenye "obtenir" au "recevoir", kisha analishusha kwenye Kiswahili likiwa limechoka. Njia iliyonisaidia, na ambayo ndiyo ninayofundishia, ni kuacha kukariri orodha ya maana na kutazama neno linalofuata baada ya "get".

Likifuata jina la kitu, kweli ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuchukua. Visawe vinafaa hapa, ila havibadilishani ovyo. "Receive" ni kwa kitu kinachokujia chenyewe, kama barua. "Obtain" inadai juhudi na inanuka ofisi: kibali, visa, cheti. "Acquire" ni kwa kitu cha kubaki nacho, kama kiwanja au ufundi. "Fetch" ni kwenda na kurudi nacho, kama maji ya ziwani. Anayesema "I obtained a cold" ataeleweka, lakini watu watacheka. Mafua ni "get" au "catch".

Ikifuata sifa, mambo hubadilika kabisa, na mara nyingi Kiswahili hakihitaji neno lolote la kutafsiri "get", kwa kuwa badiliko limo ndani ya kitenzi. "Get tired" ni kuchoka, "get wet" kulowa, "get old" kuzeeka, "get thin" kukonda, "get drunk" kulewa. Ninawaandikisha hivyo hivyo, wawili wawili, bila "kupata" wala "kuwa" popote kwenye ukurasa. "Become" hubeba maana hiyo pia, ila kwa mazungumzo ni nzito. Mahali pake hasa ni kazi na cheo: "she became a nurse" amekuwa muuguzi, lakini "she got a nurse" ameenda kumwita muuguzi.

Likifuata umbo la tatu la kitenzi, lile la "paid" na "broken", tafuta mnyambuliko wa -wa au -ka: "get paid" kulipwa, "get broken" kuvunjika. "Get married" inahitaji uangalifu. Kiingereza kina moja tu kwa kuoa na kuolewa, kwa hiyo anayetafsiri asipojua mhusika ni mume au mke hawezi kuendelea. Kitu kikiingia katikati, maana yake umemfanyisha mtu mwingine kazi. "I got my phone repaired" ni fundi aliyetengeneza. Ukisema "I repaired my phone", fundi ni wewe. Na "I got him to sign" ni kumshawishi asaini. Hapo "to" ni lazima, ingawa kwa "make" haitakiwi: "I made him sign".

Mahali nako kuna mitego. "Get to Bukavu" ni kufika Bukavu, ila nyumbani hakuna "to": "get home". Ukitumia "arrive", mji unachukua "in" na bandari inachukua "at". "Arrive to" haipo, hata kama "arriver à" inakusukuma huko. "Reach" haitaki kitu katikati: "reach Bukavu". Kwa vyombo vya usafiri ninatoa kipimo kimoja. Unachokipanda kwa kukikalia kama farasi, au unachoweza kutembea ndani yake, ni "get on" na "get off": pikipiki, basi, ndege, meli ya Bukavu. Unachoingia kwa kuinama na kukaa papo hapo ni "get in" na "get out of": taksi, na hata mtumbwi.

Yote hayo ni upande mmoja. Upande wa pili, kutoka "kupata" kwenda Kiingereza, ndio unaoumiza zaidi, maana mwanafunzi hajui kama amekosea. Kupata ajali ni "have an accident". Kupata mtoto ni "have a baby". Kupata faida na kupata hasara, wafanyabiashara wa mtaa wetu wa Birere wasikilize, ni "make a profit" na "make a loss". Kupata shida ni "have trouble". "Get into trouble" ni kujiingiza matatani, na kwenye barua ya kuomba msaada tofauti hiyo si ndogo. Kupata usingizi ni "fall asleep" au "get to sleep". Kupata nafuu ndiyo yenye bahati: "get better".

Kwenye ripoti ya shirika ninaifuta "get" karibu kila inapotokea. "We got 40 tents" inakuwa "we received", na "two people got injured" inakuwa "were injured". Kwenye simu na mikutano ninaiacha kama ilivyo, nikitega sikio kwa Wamarekani tu: wao wakisema "I've got a ticket" tiketi wanayo, na wakisema "I've gotten a ticket" ndiyo kwanza wameipata. Mwingereza hutumia "got" kwa zote mbili, kwa hiyo huyo umuulize.